Filamu ya Bei Poa Haijaisha Mpaka Irudi Kijiweni

Haya wadau, nimerudi. Najua kimya changu kimekuwa kirefu. Tesiti zilinibana, bumu nalo likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki kitu cha maana. Leo nina nafasi, chai ya rangi ipo pembeni, na kuna jambo limekuwa likinizunguka kichwani karibu mwezi mzima. Ni refu kidogo. Mwenye tesiti kesho akasome kwanza, atalikuta hapa hapa.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi watu wanne wa hosteli yetu tunataka kutengeneza dokumentari fupi juu ya wacheza bao. Si wale wa mashindano ya kikombe. Ni wazee na vijana wa kijiwe kimoja nje kidogo ya kampasi, wanaokaa chini ya mwembe kuanzia alasiri mpaka giza linapowanyima kuziona kete. Hela hatuna. Tuna simu mbili zenye kamera nzuri, kipaza sauti kimoja cha kuazima, na laptopu ambayo ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Kila tukikaa kupanga tunagombana juu ya kamera. Mmoja anasema tusubiri tupate ya maana. Mwingine anasema tukope. Mimi, kwa kuwa nasoma historia na sina ujuzi mwingine, nikaenda kutazama waliotutangulia walifanyaje bila hela.

Kwa Kiswahili chetu cha mtaani, mtu akipenda kitu kupita kiasi tunasema ana ugonjwa nacho. Kuna wagonjwa wa mpira, wa njiwa, wa baiskeli za zamani, wa redio za mbao, wa taarabu. Vituo vya televisheni haviwatafuti sana watu hawa, maana haiingii akilini mwa mwenye tangazo la sabuni kwamba kuna mtu atakaa saa nzima kumtazama mzee akimsifia njiwa wake. Kwa hiyo anayewapiga picha huwa ni mgonjwa mwenzao, au mtu aliyekaa nao mpaka akaambukizwa. Historia ya filamu za namna hiyo ndiyo nimekuwa nikiisoma, na imenihamisha kabisa kutoka kwenye swali la kamera.

KIBOKO HAPENDI MUZIKI

Naanzia Niger, maana watu wengi wanadhani mambo haya yalianzia Marekani. Jean Rouch alikuwa Mfaransa aliyefika Niger mwaka 1941 akiwa injinia wa barabara. Baada ya vita alirudi na wenzake wawili, wakateremka Mto Niger kwa mtumbwi. Alikuwa na kamera ya mtumba ya milimita 16, aliyoinunua Paris kwenye soko la vitu vilivyokwishatumika. Inasimuliwa kwamba stendi ya kamera ilipotelea mtoni mapema tu, ikabidi apige picha kwa mkono. Wakati ule mafundi waliona hilo ni aibu. Leo kila mtu anafanya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rouch aliwapiga picha wavuvi wa Kisorko wakiwinda viboko kwa chusa. Filamu inaitwa Bataille sur le grand fleuve, yaani vita juu ya mto mkubwa. Baadaye akafanya kitu ambacho wasomi wenzake hawakuwa na mazoea nacho: alirudi Ayorou, kando ya mto, akatundika shuka na kuwaonyesha wavuvi wenyewe. Walitaka irudiwe na irudiwe. Halafu wakaanza kumsahihisha. Rouch alikuwa ameweka wimbo wa kuwahamasisha wawindaji kwenye sehemu ya kumfukuza kiboko, na ulikuwa wimbo wao hao hao. Wakamwambia, bwana, hapo hapana. Kiboko anasikia hata akiwa chini ya maji. Ukipiga muziki anakimbia. Wakati wa kuwinda lazima kimya.

Rouch akauondoa muziki. Na tangu siku zile akashikilia kwamba mtu aliyepigwa picha ndiye mtazamaji wa kwanza na mkaguzi wa kwanza. Profesa wa Paris asingeweza kumwambia habari ya masikio ya kiboko.

Filamu yake nyingine, Moi, un noir ya mwaka 1958, ilipigwa Treichville, mtaa wa Abidjan, juu ya vijana wa Niger waliokwenda kutafuta vibarua. Wamejipachika majina ya mastaa wa sinema: Edward G. Robinson, Eddie Constantine, Tarzan. Hebu niambieni kama hamjawahi kukutana na vijana wa namna hiyo kwenye mtaa wenu! Kamera yake ilikuwa ya kupinda kwa ufunguo kama saa ya ukutani, kila ukipinda inakupa kama sekunde 25, halafu inasimama. Sauti haikunaswa pamoja na picha. Basi Rouch akawaketisha vijana mbele ya picha zao, wakajisemea wenyewe wanachokiona na wanachokiota.

Aliyejiita Edward G. Robinson kwa jina lake alikuwa Oumarou Ganda. Kuna mambo kwenye filamu ile hakuridhika nayo, namna maisha yake yalivyosimuliwa. Kwa hiyo akatengeneza zake. Cabascabo ya mwaka 1969 inamhusu askari anayerudi Niger kutoka vita vya Indochina, na Ganda mwenyewe aliwahi kuwa askari huko. Mwaka 1972 filamu yake Le Wazzou polygame ikapata tuzo kuu ya kwanza kabisa ya tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Yaani kibarua wa bandari aliyepigwa picha na mtu mwingine akaja kusimama mbele ya Afrika nzima na filamu yake.

Simsifii Rouch bila mipaka. Mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimlaumu ana kwa ana kwamba yeye na wenzake wanawatazama Waafrika kama wadudu. Ni neno zito, na nadhani Sembène alikuwa na haki ya kulisema. Lakini tazameni: hata katika ugomvi huo, anayemtetea Rouch anashika lile shuka la Ayorou. Alirudi akawaonyesha.

VITUNGUU SAUMU NA MWANYA

Mtu wa pili ninayempenda ni Les Blank, Mmarekani, aliyezaliwa 1935 na kufariki 2013. Alijipatia hela kwa kutengeneza filamu za matangazo ya makampuni, halafu hela ile akaitumia kwenye magonjwa yake: muziki wa blues wa Texas, vyakula na ngoma za Louisiana, polka. Mwaka 1980 alitoa filamu nzima juu ya vitunguu saumu, inaitwa Garlic Is as Good as Ten Mothers. Kwenye baadhi ya maonyesho yake vitunguu saumu vilikuwa vinakaangwa humo humo ukumbini ili watu wasikie harufu. Ukifikiri ni mchezo, fikiria tena. Watu walitoka na njaa, na filamu wakaikumbuka.

Halafu mwaka 1987 akatoa Gap-Toothed Women, filamu ya nusu saa juu ya wanawake wenye mwanya. Jamani! Sisi watu wa huku mwanya tunausifia tangu zamani, mpaka kuna watu walikuwa wanachonga meno ili waupate. Kumbe kuna Mmarekani alikuwa anauhangaikia na kamera, akiwauliza wanawake wameishije na meno hayo katika nchi ambako daktari anataka kuyafunga waya. Wengine walichekwa shuleni, wengine wanajivunia. Unaanza kuitazama ukicheka, unamaliza ukifikiria namna watu wanavyofundishwa kujichukia.

Hapo nikaelewa kitu juu ya mada ndogo. Kitunguu saumu ni mlango tu. Ukiingia unakuta mpishi, mkulima, bibi na dawa zake, na ndoa za watu.

Lakini Blank bado alikuwa anatumia filamu ya milimita 16, na hiyo ni ghali. Rili ya futi 100 inaisha chini ya dakika tatu. Ina maana kila mtu akifungua mdomo kusema, wewe unahesabu hela. Mzee akianza na "enzi zetu sisi", moyo unakudunda. Kilichowafungua watu ni kanda ya video. Sony walitoa Portapak mwaka 1967, mashine ya kubeba begani ambayo mtu mmoja au wawili waliweza kuiendesha. Mwaka 1983 wakatoa Betamovie, kamera na kinasa kanda vikiwa chombo kimoja kwa matumizi ya nyumbani. Sasa unaweza kumwacha mtu aongee mpaka amalize. Na kanda ikijaa unaweza kuifuta ukatumia tena, jambo ambalo ni zuri kwa mfuko na hatari kwa historia.

DAKIKA 17 KWENYE MAEGESHO YA MAGARI

Tarehe 31 Mei 1986, bendi ya Judas Priest ilikuwa inapiga Capital Centre, ukumbi wa Landover, Maryland. Vijana wawili, John Heyn na Jeff Krulik, walikwenda na vyombo vya kuazima kutoka kituo cha kebo cha jamii alikofanya kazi Krulik. Ndani hawakuingia kupiga picha. Walibaki nje kwenye maegesho ya magari, wakawa wanazunguka na kipaza sauti kwa mashabiki: wamekunywa, wamevua mashati, wanapiga kelele, wanatangaza mapenzi yao kwa bendi. Mmoja amevaa nguo ya milia ya pundamilia kuanzia juu mpaka chini. Walichokusanya hakikuzidi sana saa moja ya kanda. Walipohariri wakabakiwa na dakika kama 17. Wakaiita Heavy Metal Parking Lot.

Filamu haina msimulizi wala profesa wa kueleza saikolojia ya vijana. Mtu anaweza kuitazama akawacheka, na wengi wamefanya hivyo. Mimi nilipoitazama niliona kitu kama kituo cha daladala siku ya mechi ya watani wa jadi. Furaha ile ile, upuuzi ule ule, ubishi ule ule. Hakuna mwandishi wa habari mwenye akili timamu aliyefikiri kwamba saa mbili kabla ya muziki kuanza ni historia.

Haikuuzwa madukani, na nyimbo za watu zilizokuwamo zilikuwa kikwazo mojawapo. Ilisambaa kwa mkono. Mtu anamkopesha rafiki kanda, rafiki ananakili, nakala inanakiliwa. Wanamuziki wakawa wanaitazama kwenye mabasi wakiwa safarini. Wale mliosoma desa lililotolewa fotokopi kutoka kwenye fotokopi ya fotokopi mnajua kinachotokea: maandishi yanafifia, mwisho unasoma kwa imani. Kanda za video zilikuwa hivyo hivyo, kila nakala inapoteza ubora. Na bado watu walitaka.

Miaka mingi baadaye Heyn na Krulik walianza kuwatafuta wale vijana wa maegesho, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye kazi na familia, ili wajue waliishia wapi. Ukumbi wa Capital Centre wenyewe ulibomolewa Desemba 2002. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Maryland kiliandaa maonyesho ya miaka 30 ya filamu hiyo. Fikiria hilo: vijana walevi wa maegesho wamewekwa kwenye maktaba ya chuo, na jengo kubwa la mamilioni halipo.

DENI LA HARLEM

Sasa tuje kwenye upande unaouma.

Katikati ya miaka ya 1980 Jennie Livingston, aliyekuwa amesomea filamu kwa muda mfupi, alianza kupiga picha mashindano ya mavazi na mitindo ya Harlem, New York, yaliyoitwa "ball". Washiriki walikuwa Weusi na Walatino, wengi wao mashoga au watu waliobadili jinsia, wengi wamefukuzwa makwao, ambao walijipanga katika "nyumba" zenye mama na baba wa kuchaguliwa. Filamu ikaitwa Paris Is Burning, ikatoka 1990, na 1991 ikapata tuzo kuu ya dokumentari huko Sundance. Haikuwa ya bei rahisi kama ile ya maegesho, maana iligharimu kama dola 500,000, lakini kwa sinema za Marekani hizo ni hela za chai. Nayo ikaingiza kama dola milioni 4.

Hapo ndipo waliokuwamo wakauliza: na sisi? Walikuwa wametia saini karatasi za kuruhusu kupigwa picha. Kisheria mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini wale watu waliendelea kuwa maskini, wengine walikufa mapema sana, wakati filamu inazunguka dunia. Baadhi walikwenda kwa mawakili. Mwisho zikagawanywa kama dola 55,000 kwa washiriki 13, kulingana na muda wa kila mmoja kuonekana.

Hapa hostelini tulibishana juu ya hesabu hiyo mpaka saa sita usiku. Mmoja wetu anayesoma sheria akasema saini ni saini. Mwingine akasema filamu nyingi za namna ile haziingizi hata senti, kwa hiyo mtengenezaji ndiye aliyebeba hasara zote, na dokumentari haina desturi ya kuwalipa watu kwa kusimulia maisha yao. Yote ni kweli. Lakini mimi sikuweza kuacha kumfikiria mtu anayepita mtaani, watu wanamtambua, na hana nauli ya treni.

Tuwe wakweli pia: bila filamu ile, mengi ya yale mashindano, maneno yao, majina ya wale akina mama, yangepotea. Leo vijana duniani kote wanayajua. Kwa hiyo faida ilikuwepo, ila haikugawanyika sawa. Ndiyo maana nasema deni. Deni halifutiki kwa sababu uliyemkopa ulikuwa unampenda.

DOLA 218

Teknolojia haikusimama. Mwaka 1995 Sony walitoa kamera ya VX1000, ya kanda ndogo za dijitali, ambayo unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya mmoja na picha haipotezi ubora. Vijana wa skateboard waliigeuza kuwa chombo chao rasmi, kwa lenzi pana inayopinda dunia kama umeitazama kupitia chupa. Mwaka 1999 Apple wakatoa iMovie, programu rahisi ya kuhariri. Miaka minne baadaye Jonathan Caouette akamaliza Tarnation, filamu juu ya maisha yake na mama yake aliyekuwa na maradhi ya akili, kwa kutumia programu hiyo na picha alizojipiga tangu akiwa na miaka 11. Gharama iliyotangazwa: dola 218 na senti 32.

Hiyo namba imewadanganya watu wengi. Ili filamu ile ionyeshwe kwenye majumba ya sinema zililipwa hela nyingi sana kuliko hizo, kwa ajili ya haki za muziki na picha za wengine na kusafisha sauti. Kupiga picha kulikuwa kumeshuka bei. Kuifikisha kwa watu hakukuwa kumeshuka.

Anayenifurahisha zaidi katika kizazi hicho ni Jason Scott, aliyekuwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Ugonjwa wake ulikuwa BBS, yaani zile kompyuta za nyumbani ambazo watu walizipigia kwa laini ya simu na kuachiana ujumbe na mafaili kabla intaneti haijaenea. Alizunguka Marekani akiwahoji watu zaidi ya 200. Mwaka 2005 akatoa BBS: The Documentary, vipindi vinane, zaidi ya saa tano, juu ya kitu ambacho ukimwelezea bibi yangu atakuuliza kama umekula. Akaiweka chini ya leseni inayoruhusu watu kunakili na kugawana. Na kilichonigusa zaidi: mahojiano mengi ambayo hayakuhaririwa aliyaweka kwenye hifadhi ya Internet Archive yasikilizwe bure. Maana mtu amekupa saa nzima, wewe umetumia dakika moja na nusu. Zile dakika nyingine ni mali ya nani?

NA HUKU KWETU?

Huku kwetu kuna pengo, na pengo lina sababu. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulikaa bila kituo cha televisheni mpaka 1994. Sasa kumbukeni kilichotokea katikati hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam kulikuwa na mashindano ya Yo! Rap Bonanza. Saleh Jabri alikuwa anairap Ice Ice Baby kwa maneno ya Kiswahili. Kwanza Unit wakaungana mwaka 1993. Yaani jambo ambalo baadaye likawa Bongo Fleva lilikuwa linazaliwa mbele ya macho ya watu, na kamera zilikuwa kwenye harusi! Msicheke. Wapiga video wa harusi ndio waliokuwa na vyombo. Ukitaka kujua jinsi vijana wa Ilala au Temeke walivyosimama, walivyovaa na walivyokunja kofia mwaka 1992, pengine mahali pazuri pa kutafuta ni dakika ya 90 ya harusi ya mtu.

Waliokuja kupiga dokumentari mara nyingi walitoka nje. Mwaka 1999 Waholanzi walitoa filamu fupi iitwayo Hali Halisi juu ya rap ya Tanzania kama chombo cha kusema yasiyosemwa. Mwaka 2006 Andy Jones, Mwingereza, akatoa As Old as My Tongue juu ya Bi Kidude wa Zanzibar, na mwaka huo huo Michael Wanguhu, huyu ni Mkenya, akatoa Hip Hop Colony juu ya hip hop ya Kenya. Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Asiyebahatika kumwona akiwa hai anaweza kumwona humo akipiga ngoma, akivuta sigara, akiwakatisha watu maneno. Nashukuru kwamba ipo. Mgeni akifanya kazi nzuri tuseme ni nzuri. Ila vijiwe vyetu ni vingi kuliko wageni, na hawatafika kwenye vyote.

KIJIWENI

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kijiweni kuomba ruhusa. Hatukubeba kamera. Tukamsalimia mkubwa wa pale, shikamoo mzee, marahaba wanangu, tukaketi kwenye tofali, tukaambiwa tutazame kwanza. Bao la Kiswahili, kwa wasiojua, lina mashimo 32 na kete 64. Kuna sehemu ya kwanza ya namua, ambapo kete za mkononi zinaingizwa moja moja, na sehemu ya pili ya mtaji. Ni mchezo wa hesabu kali, unaochezwa na watu wanaotukanana kwa upendo.

Mwenzetu mmoja akaeleza mpango wetu, akataja na muziki atakaouweka chini ya picha. Mzee akamwuliza, "Muziki wa nini? Anayelijua bao anasikia kete. Ukimfunika masikio umemfunga macho." Nilitaka kusimama nishangilie. Kiboko wa Ayorou kabisa!

Halafu akatuuliza jambo jingine, kwa upole tu. Akasema miaka michache nyuma walikuja vijana wengine na kamera kubwa. Wakapiga siku tatu. Wakacheka nao, wakala nao mihogo, wakaahidi kurudi na picha. Hawakurudi. Na aliyekuwa bingwa wa kijiwe wakati ule, ambaye walimpiga picha zaidi ya wote, amefariki. Mjane wake ameshakuja mara mbili kuuliza kama kuna mtu ana ile picha. Nyumbani wana picha yake moja tu, ya kitambulisho.

Mzee akamaliza: "Sasa nyinyi, wanangu, mtaileta?"

Tulirudi hostelini kwa miguu bila maneno mengi. Mabishano ya kamera hatujayarudia tangu siku ile. Tulichokaa kuandika ni mambo manne, na nayaweka hapa ili mtubane siku tukijifanya tumesahau.

Moja, filamu itaonyeshwa kijiweni kwanza, kabla ya darasani na kabla ya tamasha lolote. Wakisema kipande kinawadhalilisha, kinatoka. Mbili, kila atakayepigwa picha atapewa mazungumzo yake yote, hata yasiyotumika, kwenye kadi ya simu, na familia yake pia. Tatu, ikitokea ikaingiza hela, hata elfu kumi, mgawo umeshaandikwa na wao wameusoma. Nne, nakala zitakaa sehemu tatu tofauti, maana laptopu inayonguruma vile haina maisha marefu.

Najua kuna watakaosema tunajibana. Kwamba mtengenezaji akimpa kila mtu nafasi ya kukata vipande, filamu inakuwa ya kusifu tu. Inawezekana, na siku wakitaka kitoke kitu cha kweli kwa sababu hakiwapendezi tutabishana nao palepale chini ya mwembe. Nafikiri watu wanaotukanana kila jioni juu ya kete wanaweza kuvumilia ubishi.

Tunaanza Jumamosi. Nanyi wadau nina maombi mawili. La kwanza, chungulieni uvunguni nyumbani kwenu. Kama kuna kanda za video za harusi, kipaimara, maulidi au mechi za mtaa, zitoeni kwenye unyevu. Zinaoza kila mvua ikinyesha. La pili ni la dharura: kamera tumeridhika nazo, ila tunatafuta projekta ya kuazima kwa usiku mmoja na shuka jeupe kubwa. Lisiwe na maua, tafadhali. Mwenye nalo anajua chumba chetu.